Mstari Mweupe wa Shimo la Kumi na Saba

Saa tisa na dakika thelathini na tano alasiri, Jumapili ya mwisho ya mashindano, watu wanane walisimama kando ya grini ya shimo la kumi na saba wakiukodolea macho mstari wa rangi nyeupe uliochorwa ardhini. Hakuna aliyetaka kuukanyaga.

Mstari ulikuwa umezidi. Asubuhi uliishia kwenye kinyunyizio cha maji. Sasa ulikipita kwa hatua tatu nzima, ukakata kona na kurudi kuungana na ule wa awali. Ushahidi wa asubuhi ulikuwa kwenye simu ya mtu ambaye klabu nzima ilimwita Mjomba, kwa sababu hakuwa na cheo kingine pale ila kuwa mjomba wa msichana aliyeshika nafasi ya pili. Alipiga picha hiyo saa moja na dakika kumi, alipokuwa akimzungusha mpwa wake uwanjani kumwonyesha pa kujihadhari.

Asiyecheza gofu ataona huu ni ugomvi wa rangi tu. Sivyo. Mvua ilinyesha Ijumaa, na Jumamosi watazamaji mia sita wakapita nyuma ya grini ile, uwanda wa nyasi fupi zinazozunguka shimo, kuelekea shimo la mwisho, wakaiacha ardhi imevurugika kama uwanja wa mnada. Kanuni haina huruma na jambo hilo. Mpira wako ukiangukia kwenye nyayo za watu, utaupiga hapohapo, na kulia ni ruhusa. Lakini kamati ikiizungushia sehemu hiyo mstari mweupe na kuitangaza ardhi ya matengenezo, mambo hubadilika: mpira ulio ndani ya mstari unaokotwa na kudondoshwa nje, kwenye nyasi nzuri, bila adhabu. Hiyo ndiyo inayoitwa nafuu. Kamati ilichora mstari wake Jumamosi jioni.

Jumapili saa nane na dakika ishirini, mpira wa binti aliyekuwa akiongoza ukaangukia pale, mbele ya kinyunyizio. Alimwita mwamuzi, mwamuzi akampa nafuu. Akaokota, akadondosha, akapiga vizuri, na saa tisa na dakika tano akawa mshindi kwa pigo moja pungufu ya yule wa pili. Pigo hilo moja lilikuwa limebeba nafasi ya timu ya taifa. Dakika kumi na tano baadaye Mjomba akaandika malalamiko kwamba mpira ulikuwa nje ya mstari, na kamati ilipokwenda kupima ikaukuta mstari umerefuka.

Kilichowasha moto ni kwamba binti huyo alikuwa mtoto wa Fundi Nyasi, mkuu wa watunza uwanja, mtu wa miaka ishirini na miwili kazini, ambaye ndiye aliyeuchora mstari kwa mkono wake.

Mwenyekiti wa klabu hakuwa mtu wa kuzunguka mbuyu. Aliporudi ofisini alimwambia Fundi aweke funguo zake zote mezani. Sherehe ya kikombe ilikuwa saa kumi na mbili. Kabla ya hapo, alisema, atatangaza kwamba ushindi umefutwa, na kesho Fundi ataondoka kazini na katika nyumba ya klabu aliyolelea watoto. Fundi aliziweka funguo. Binti yake, aliyekuwa ameketi kwenye benchi mlangoni, aliinamisha kichwa.

“Nipe mpaka saa kumi na mbili kasorobo,” alisema Inspekta.

Alikuwa inspekta mstaafu, mwanamke wa miaka sitini na mbili, aliyeingizwa kwenye kamati kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kuandika kumbukumbu za vikao. Gofu alicheza vibaya mno. Hakuna kichaka pale uwanjani ambacho mpira wake haukukitembelea. Lakini alikuwa amekaa polisi miaka thelathini na mmoja, na hata wanachama waliomzidi mali walimwita Afande. Mwenyekiti alitazama saa yake, akakubali.

Jambo la kwanza alilofanya ni kurudi shimo la kumi na saba peke yake, kupiga magoti na kupiga picha. Mstari wa zamani ulikuwa umechakaa, umepakazwa huku na huku, na alama za soli nyeupe zilitoka pale zikaelekea upande wa shimo la mwisho. Mstari mpya uling'aa, umekamilika kutoka mwanzo hadi mwisho, kila unyasi na rangi yake. Alikaa pale dakika nne hivi, magoti yakimuuma, kisha akarudi kuazima kwa katibu wa klabu chumba na mashine ya kuchapishia picha.

Alianza na Fundi. Fundi alijibu kila swali kwa kifupi na kwa heshima. Mstari aliuchora mpaka kwenye kinyunyizio, si zaidi, kwa kuwa kamati ilimwonyesha hapo. Tangu saa kumi na moja alfajiri mpaka saa tatu alikuwa akitoboa mashimo mapya kwenye grini zote, peke yake, bila shahidi. Saa tano alikwenda tena shimo la kumi na saba na kopo la rangi. Mwenyekiti, aliyekuwa amejipenyeza chumbani, alilirukia jambo hilo kama paka aliyeona mkia wa panya. Fundi akaeleza kwamba alikwenda kuongeza rangi mahali palipofifia, maana mstari usioonekana ni ugomvi. Nani alimtuma? Hakutumwa. Nani alimwona? Watu wengi walimwona. Aliona haya kusema hivyo, kana kwamba kuonekana ni kosa.

Mjomba alifuata. Inspekta alimuuliza ni mtu gani mwenye akili zake anayepiga picha matope saa moja asubuhi. Mjomba akafungua simu na kumwonyesha picha arobaini na tatu: kila shimo, kila mtego wa mchanga, kila mti uliokaa vibaya. Alikuwa mtu wa kelele, lakini kelele zake zilikuwa na mpangilio. Akaongeza jambo moja. Binti alipopewa nafuu, yeye Mjomba alikuwa nyuma ya kamba, mbali, haoni rangi. Ila alikumbuka picha yake. Kwa hiyo kundi lilipomaliza pale, alimfuata mwamuzi na kumnong'oneza kwamba mstari uliishia kwenye kinyunyizio. Mwamuzi akamwambia aheshimu uamuzi.

“Nikaheshimu, Afande. Nikaenda zangu shimo la mwisho kumtazama mpwa wangu. Lakini moyo ulikataa kutulia.”

Binti aliingia akiwa bado na kofia ya mashindano. Alikuwa na miaka ishirini na moja, na mikono yenye sugu kama ya baba yake. Inspekta alimuuliza mstari ulipita wapi. Akasema alimwita mwamuzi. Mpira ulikuwa ndani kwa kiasi gani? Mwamuzi ndiye aliyeamua. Je, aliona chochote kisicho cha kawaida? Alimwita mwamuzi, na mwamuzi akaamua. Inspekta aliandika jibu hilo mara tatu, moja chini ya jingine, akamwacha aende.

Mwamuzi mwenyewe aliitwa Mwalimu na kila mtu, na hakukuwa na utani ndani yake. Alifundisha miaka thelathini na sita kabla ya kustaafu, na Inspekta alikuwa amekaa dawati la pili darasani mwake, darasa la sita, akijifunza mgawanyo kwa machozi. Alikijua kitabu cha kanuni kwa moyo. Wanachama waliokosana walikuwa wakisema “twende kwa Mwalimu,” wakienda, na wakirudi wamenyamaza. Inspekta alisimama alipoingia, akamvutia kiti.

Mwalimu alisema mstari ulikuwepo, wazi kabisa, na mpira ulikuwa ndani kwa urefu wa mkono. Hakumlaumu Fundi sana, alisema. Mzazi ni mzazi. Inspekta alipanga mezani picha mbili kubwa alizochapisha. Ya alasiri aliiweka kushoto, ya asubuhi kulia, akamwomba amsaidie kuzilinganisha.

Mwalimu aliinua ya kushoto, akaisogeza mbali, kisha karibu. “Hii ni ya asubuhi,” alisema. “Hapa mstari unaishia kwenye kinyunyizio. Ile nyingine ndiyo ya alasiri.”

Inspekta alimshukuru, akazirudisha picha kwenye bahasha. Alimsindikiza mpaka mlangoni. Hakufurahi hata chembe.

Saa kumi na moja na dakika tano alizungumza na msimamizi wa watazamaji, kijana mnene aliyekuwa bado ana kamba begani na malalamiko mdomoni. Tangu asubuhi, alisema, aliwazuia watu wasikaribie sehemu iliyochorwa, na walitii. Lakini kundi la mwisho, lile la binti wa Fundi na mpwa wa Mjomba, lilipomaliza shimo la kumi na saba, saa nane na dakika arobaini, aliishusha kamba kama alivyoagizwa, na wote mia sita wakapita pale kwa mkupuo mmoja kuwahi shimo la mwisho. Walipita wapi hasa? Palepale nyuma ya grini, alisema, mbele na nyuma ya kinyunyizio, kwani kuna njia nyingine? Akaendelea kulalamika. Hata huko mbele kulikuwa na fujo: saa nane na dakika hamsini na mbili mpwa wa Mjomba aliomba uamuzi kuhusu mfuniko wa mtaro, na kundi zima likasubiri dakika sita kwa kuwa Mwalimu hakuwepo. Alikuja baadaye akihema. Walidhani amekwenda kujisaidia, na nani atamuuliza mzee jambo kama hilo?

Hapo Inspekta akakumbuka kwamba tangu saa tisa na nusu kila mtu, yeye akiwemo, alikuwa amemuuliza Fundi habari za asubuhi. Hakuna aliyemuuliza habari za mchana. Akashuka jikoni.

Mpishi wa klabu alikuwa mama mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Fundi? Fundi alikuwa hapa, kwenye kigoda kile, tangu kabla ya saa nane mpaka zilipokuja habari za ushindi. Hawezi kumtazama mwanawe akicheza, presha inapanda. Alijifunika taulo la vyombo kichwani asisikie vifijo, na wasaidizi wawili wa jikoni wakamcheka mpaka wakaunguza mikate. Wote watatu walikuwa tayari kuapa. Mpishi alishangaa tu kwamba watu wasomi wa huko juu wamekaa saa mbili bila kushuka ngazi kumi na nne.

Saa kumi na mbili kasoro dakika ishirini, Inspekta aliwakusanya katika chumba cha mikutano: Mwenyekiti, katibu, Mjomba, Fundi na binti yake, na Mwalimu, aliyepewa kiti karibu na dirisha. Nje, viti vya sherehe vilikuwa vimeanza kujaa.

“Nitasema kwa kifupi,” alisema Inspekta. “Sote tulidhani mstari ulirefushwa kabla ya mpira kuanguka pale. Ndiyo maana tukatafuta aliyetaka kumsaidia binti huyu. Lakini watu mia sita walipita juu ya sehemu ile saa nane na dakika arobaini. Mstari wa zamani una nyayo zao mpaka basi. Huu mpya hauna hata kiatu kimoja. Rangi yake imelala juu ya nyayo, si chini yake.”

Mjomba akafungua simu yake, akaitazama tena picha ya asubuhi.

“Maana yake umechorwa baada ya watu kupita. Mpira ulikuwa umeshapigwa, na wachezaji wameshaondoka.”

Mwenyekiti alikuwa mwepesi wa hesabu. Akasema kwamba basi Fundi alirudi baadaye kufunika makosa ya mwanawe. Inspekta akamweleza habari za kigoda, taulo na mikate iliyoungua. Fundi aliona aibu ya taulo zaidi kuliko aibu ya kuitwa mdanganyifu.

“Aliyebaki pale ni mtu mmoja,” Inspekta aliendelea, na sauti yake ikapungua. “Kila mwamuzi ana kopo la rangi kwenye mkoba, bomba likipasuka aweze kuzungushia mstari. Akichora, sharti aandike na kutoa taarifa kwa redio. Leo hakuna aliyetoa taarifa. Na kuna mwamuzi aliyechelewa dakika sita kufika shimo la mwisho, baada ya kunong'onezwa na Mjomba kwamba mstari uliishia kwenye kinyunyizio.”

Alitoa picha kwenye bahasha, akaiweka mbele ya Mwalimu.

“Hii ndiyo uliyoniambia ni ya asubuhi. Ni ya alasiri, Mwalimu. Mstari umevuka kinyunyizio kwa hatua tatu, na hukuuona. Nadhani na saa nane hukuuona ulipoishia.”

Mwalimu hakuigusa picha. Watu waliomjua maisha yao yote hawakujua pa kutazama.

“Mtoto wa jicho,” alisema. “Yote mawili. Daktari aliniambia mwaka jana niache. Nilisimama pale nikaona weupe weupe kila mahali, nikasema ni ndani. Huyu bwana aliponinong'oneza, nikasubiri watu wapite, nikainama, nikapapasa. Kweli, uliishia nyuma. Nikatoa kopo.”

“Lakini Mwalimu, kanuni ilikuwa inakulinda,” alisema katibu, karibu kwa kunong'ona. “Uamuzi wa mwamuzi ukishatolewa na mchezo ukaendelea, unabaki, hata ukiwa wa makosa. Wewe ndiye uliyetufundisha.”

“Nilijua. Kosa lingesamehewa. Macho yasingesamehewa.” Alivua beji yake ya uamuzi, akahangaika na pini, hakuiona vizuri, Inspekta akamsaidia. “Tangu mke wangu afariki, hiki ndicho kinachonitoa nyumbani. Fundi, nilidhani watakukaripia tu, basi. Uliposalimisha funguo nilitaka kusema. Kisha nikangoja kidogo. Nikangoja tena.”

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mwalimu hakufa, lakini siku ile wengi waliona kwamba kuna vifo vya aina nyingine. Inspekta aliweka beji mezani, akasimama nyuma ya kiti cha mzee, mkono begani mwake, na aliumia waziwazi. Hakujaribu kuficha.

Mwenyekiti alishusha pumzi, akaanza kusema kwamba basi yote yamekwisha. Inspekta alimwinulia mkono. Alimgeukia binti.

“Bado swali moja. Ulipofika kwenye mpira wako, mstari ulipita mbele yake?”

Binti alimtazama Mwenyekiti, kisha dirisha.

“Haukupita,” alisema. “Uliishia nyuma, kwenye kinyunyizio. Nilimuuliza Mwalimu kama ni ndani, akasema ni ndani. Nikaokota.”

“Na ulipotukuta tumeuzunguka mstari mpya, ulijua umechorwa baadaye.”

“Nilijua.”

“Kwa hiyo ulijua kwamba baba yako hakuuchora ili akusaidie.”

“Nilijua.” Sauti ilikuwa ndogo sasa. “Nilihesabu. Nikisema mpira ulikuwa nje, ni kupiga kutoka mahali pasipofaa. Adhabu mapigo mawili. Ningekuwa wa pili. Sikujua kwamba uamuzi unabaki. Hakuna aliyeniambia.”

Saa mbili nzima aliketi kwenye benchi akijitia hamnazo, huku baba yake akijibu maswali juu ya alfajiri aliyokuwa peke yake. Fundi hakumtazama. Alikuwa akiutazama ukuta, mahali palipotundikwa ramani ya uwanja, kwa makini kama mtu anayetafuta kitu ndani yake.

Yaliyofuata yalikuwa ya ofisi. Mwenyekiti alipitia kitabu na katibu, wakakubaliana: mchezaji alimwita mwamuzi, akafuata alichoambiwa, na kanuni haimdai zaidi ya hapo. Ushindi ulibaki. Mjomba alisoma ukurasa huo mara mbili, akasema hawezi kupigana na kitabu, akatoka kwenda kumweleza mpwa wake. Mwenyekiti alimwomba Fundi radhi kwa maneno mengi mazuri, akampa mkono, akamwalika akae mstari wa mbele kwenye sherehe. Fundi alisema ahsante, akasema ana kazi.

Saa kumi na mbili na robo, kikombe kilipotolewa, Inspekta aliona kwamba kiti kimoja cha mbele kilikuwa kitupu. Binti alipokea kikombe, akapigwa picha, akatabasamu palipotakiwa. Mara tu alipoachiwa alishuka jukwaani na kuvuka uwanja karibu akikimbia.

Fundi alikuwa nyuma ya grini ya kumi na saba, uma mrefu wa chuma mikononi. Alikuwa akiutoboa udongo uliokanyagwa, tobo baada ya tobo, ili upate kupumua na nyasi zishike tena kabla ya mwezi kwisha. Alikuwa amefika karibu na kinyunyizio. Binti alisimama pembeni, kikombe mkononi, hajui akiweke wapi.

“Baba,” alisema, “nilikuwa niseme.”

Fundi aliuchomoa uma, akausimamisha, akamtazama kwa mara ya kwanza tangu mchana.

“Lini?”

Alimngojea ajibu, kwa utulivu na adabu, kama alivyomngojea mtu yeyote aliyemwuliza kitu. Kisha akasogea hatua moja kando na kuanza safu nyingine.